Ndovu wa Taulo

Melini, Alhamisi, kwa simu

Dada Margret,

Shikamoo. Mimi mzima, natumai huko Mishomoroni watoto hawajambo.

Tufani imekatika. Siku mbili hawa matajiri walitapikia viatu vyao wenyewe, wakimwita Mungu ambaye hawakumtaja tangu wapande. Leo bahari imetulia kama maji ya mtungini, nao wamesharudia kununa: chai imepoa, bwawa la kuogelea limefungwa. Sisi tuliofua mashuka yao tumeamriwa tukunje taulo ziwe ndovu, mmoja juu ya kila kitanda, ili wageni wasahau waliyoyaona. Bibi mmoja amenishtaki kwa msimamizi kwamba ndovu wake ana uso wa huzuni. Nimemkunjia mwingine.

Kwa ajili ya tufani, nahodha ameipita bandari niliyokuwa nishuke nipande ndege ya kuja nyumbani. Wageni wanayalilia maduka yake. Basi Jumamosi msiningoje, mzikeni mama. Kaka yetu Tinga, ambaye hakumpelekea hata kikombe cha uji alipokuwa kitandani, ndiye atakayelia kuwashinda nyote. Mwacheni alie, ndiyo kazi pekee anayoiweza. Ila mchanga wangu asinitilie yeye. Nitilie wewe, Dada, konzi moja, na unitaje jina.

Yule bibi ameita tena. Huyu ndovu wa pili, asema, amelowa uso. Nimemwambia ni maji ya bahari, akaridhika.

Mdogo wako,
Mbodze