Kapu la Mama Faida

Baba,

Sianzi na salamu, maana nimekasirika. Mama anasema marehemu hagombezwi, anaombewa. Nakuombea, kila Ijumaa nakuombea. Lakini leo nagomba. Miaka miwili nimeinyamazia hasira hii, na imekataa kulala.

Kwa nini ulishuka kwenye boti?

Boti ilikuwa yako na sheria ilikuwa yako. Jumatatu na Alhamisi alfajiri tunatoka Rumonge, tunagusa Gitaza kupakia ndagala, dagaa wa ziwa letu, tunagusa Kabezi kupakia makarani na wanafunzi, adhuhuri tuko Bujumbura. Wamama wa Kizuka walikuwa wanateremka na madebe ya mawese tangu siku moja au mbili kabla. Kila mmoja anaweka kapu lake kwenye ubao anaotaka kukaa, kisha anakwenda zake, sokoni, kwa shangazi, popote. Nafasi imeshikwa, na wewe huondoki mpaka mwenye kapu apande. Karani akianza kugonga saa yake kwa kidole, unacheka tu: "Kapu iko ndani, mwenyewe iko njiani."

Siku ya Uhuru nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinishonea gauni la rangi ya ndimu, nami nilikuwa nimeapa kuiona bendera ikipanda. Boti imejaa, watu wanaimba, na ubaoni pana kapu moja lenye ukingo mwekundu. La nani? La Mama Faida, muuza ndagala, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke aliyechelewa hata harusi yake mwenyewe. Tukamngoja. Alikuja anatafuna muhogo, hana haraka na mtu. Tulipofika mjini bendera ilikuwa imeshapanda, watu wanarudi makwao, kilichobaki ni vumbi na maganda ya miwa. Nililia mpaka kamasi. Ukanipangusa kwa kofia yako ukasema, "Mutoto wangu, bendera utaikuta na kesho. Mutu ukimwacha, hutamukuta."

Nilikuchukia siku ile. Halafu tukacheka, na safari ya kurudi ukanikalisha nyuma ukanifundisha kushika moteri, mimi msichana, abiria wote wakishangaa.

Mwaka wa sabini na mbili sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo. Lakini nataka usikie nilivyouona mimi, kutoka kwenye ubao wa boti.

Walianza kuingia waasi wenye mapanga. Kisha wakaja askari wenye bunduki, na kamyo zao zikawa zinapita mitaani na karatasi za majina ya watu wa kuchukuliwa. Ukasema twende Kigoma. Ukakusanya majirani, ukawaficha kwenye matete, na asubuhi tukapanda, watu zaidi ya arobaini, hakuna anayekohoa. Esansi ya moteri ipo. Jua limeshatoka. Ukahesabu vichwa, kisha ukaliona lile kapu lenye ukingo mwekundu, mbele kabisa.

Mama Faida alikuwa ameliweka tangu Jumamosi kwa safari ya Jumatatu, safari ambayo haikuwepo. Nilikuambia, Baba! Nilikuambia kapu ni la Jumamosi, na tangu Jumamosi dunia imepinduka. Mama alikushika shati mpaka kifungo kikang'oka. Wewe ukavua kofia, ukaitundika kwenye moteri. "Kapu iko ndani, mwenyewe iko njiani. Naenda kumupokea." Ukaruka majini, ukapanda mchanga, hukugeuka hata mara moja.

Ikawa kofia yako iko ndani. Unaelewa ulichonifanyia?

Tulingoja. Wallahi tulingoja. Ndipo tukasikia kamyo kwenye barabara ya juu. Watu wote wakanitazama mimi, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeijua moteri. Na aliyesema "Vuta" ni Mama. Mkeo! Nikavuta kamba, ikakataa. Nikavuta tena, ikawaka. Nikaondoka na kofia ya mtu ndani ya boti, na mwenyewe yuko nchi kavu. Nilikuacha, Baba. Basi, nimeandika. Nilikuacha.

Jirani aliyevuka wiki moja baadaye alituambia alikuona mlangoni kwa Mama Faida, unapiga hodi, ndipo kamyo iliposimama, ikakuchukua. Hodi! Watu wanakimbia kuokoa roho zao, wewe unasimama mlangoni kwa adabu unapiga hodi. Hitima tumesoma. Kaburi hatuna.

Sasa sikia. Tulikuwa tumemaliza mwezi Kigoma, niko kwenye foleni ya unga, nikamwona Mama Faida. Mzima, na amenenepa. Alivuka Jumapili kwa mtumbwi wa kaka yake. Jumapili! Nyumba uliyoipigia hodi ilikuwa tupu. Na neno lake la kwanza kwangu, kabla ya pole, lilikuwa, "Kapu yangu mulileta?" Nilitaka kumzaba kofi. Nilimwambia yote pale pale, mbele ya watu, sikumbakizia kitu. Akakaa chini kwenye vumbi. Tangu siku hiyo hajachelewa popote, iwe msiba au harusi. Anafika wa kwanza na kukaa peke yake kwenye viti vitupu. Hilo nalo linanikasirisha.

Siku hizi kila asubuhi napanda boti ya abiria kutoka kijiji tulichohamia kwenda soko la Kigoma. Nahodha wa huku anafuata saa. Juzi alichukua kapu la mtu akalitupa mchangani, akashika kamba ya moteri. Nikamkamata mkono. "Kapu iko ndani!" nikapiga kelele, kwa Kiswahili chetu kile wanachokicheka. Abiria wakanitukana, eti mkimbizi ana jeuri. Nikasema ndiyo, ninayo. Nikashuka, nikalirudisha kapu ubaoni, tukangoja. Akaja binti mmoja mbio, mtoto mgongoni, kiatu kimoja mkononi. Hata asante hakusema. Nikakaa nikalia kwa hasira, maana nilijua ulivyokuwa unajisikia miaka yote ile, na sikutaka kujua.

Sijakusamehe. Hukutaka kumwacha Mama Faida, ukaniacha mimi. Lakini njia ikifunguka nitarudi Rumonge, nitarudi kwa boti, na nitakwenda kupiga hodi kwenye mlango ule ule. Nakuahidi. Kofia yako sijaifua, bado inanuka esansi. Nitakwenda nimeivaa.

Lala salama, mzee wangu. Miaka miwili naitazama kofia hii nikijiambia mwenyewe yuko njiani. Haya, yamekwisha. Aliye njiani ni mimi. Kaa hapo hapo ulipo uningoje, na nikichelewa, Baba, usishuke kunitafuta.

Mwanao,
Mwajuma