Sorry Nne za Mikumi

Alhamisi, 23 Februari 1967

Nimerudi kazini. Kijijini Malolo tulikaa matanga ya bibi yangu siku nne. Watu mkekani bega kwa bega, hata wenye miguu mibovu. Leo Bwana Kiko, meneja wetu hapa shamba la mkonge – kiko hakimtoki mdomoni – kaninong'onea mara moja tu, "I am sorry, Ida," halafu akauliza barua za Tanga ziko wapi. Maneno matatu! Bibi aliyenilea, na mzungu ananipa maneno matatu.

Simoni dereva alikuwa mlangoni. Akauliza Bwana kasema nini. Nikamwambia kasema pole. "Kumbe sorry ndiyo pole," akasema, akaondoka anairudia mpaka gereji. Mtu mzima, binti yake Paulina yuko darasa la saba. Nilicheka peke yangu.

Jumatatu, 27 Februari

Balaa. Jana Simoni aliwapeleka Mikumi Bwana Kiko na shemeji yake, bibi mmoja aliyetoka Ulaya wiki iliyopita na kofia yenye maua. Walitaka kuona tembo. Waliposimama kutia petroli, Bwana akaingia dukani kununua tumbaku. Bibi akashuka huku macho yakiwa juu ya paa la hoteli, anatazama nyani. Akatumbukia mtaroni. Mkono umevunjika.

Simoni anasema alikuwa mbele, boneti iko wazi, anatia maji kwenye rejeta. Gari halikusogea hata inchi. Alitupa kopo akakimbia. "Sorry, memsaab! Sorry! Sorry! Sorry!" Nne. Amezihesabu mwenyewe, tena anajisifu kidogo kwamba Kiingereza kilimjia.

Bibi anasema gari lilisogezwa, ndiyo maana akaanguka. Na dereva kakiri papo hapo, mara nne.

Jumanne, 28 Februari

Bwana Kiko anataka barua ya kuomba radhi. Kwa Kiingereza, iwe mezani Ijumaa. Ikimridhisha shemeji, Simoni atabaki. Isipomridhisha, atoke kazini, na nyumba ya kambini airudishe. Miaka kumi na moja ya usukani.

Ofisi nzima imegeuka chuo cha Kiingereza. Lupakisyo, karani mkuu – yule aliyetembea mpaka Kilosa mjini kuunga mkono Azimio, na siku ya pili yake nikamwona anamfungulia Bwana mlango wa gari – anasema iandikwe "excuse me". Kawasikia wazungu wenyewe. Ndiyo, amewasikia wakitaka kupita mlangoni! Samweli wa stoo anang'ang'ania "pardon". Hilo husema mtu ambaye hakusikia alichoambiwa. Samweli husema hivyo siku nzima, kwa hiyo analipenda.

Mbumbumbu watupu. Redio kila siku inasema Kiswahili kitumike maofisini, na hawa wanagombea maneno wasiyoyajua.

Jumatano, 1 Machi

Nimeandika mimi. Nani mwingine? Masista walitufundisha barua za kila aina, na kwa ile ya kuomba radhi nilikuwa wa kwanza darasani. "I sincerely apologize for my carelessness." Sentensi imesimama wima. Lupakisyo kaisoma mara tatu akajikuna shingo.

Simoni alikuja mchana kutia sahihi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba Paulina." "Marahaba, mwanangu." Akaitazama karatasi. "Umeandika pole?"

"Nimeandika zaidi ya pole," nikamwambia.

Akatia sahihi kwa herufi kubwa, ulimi nje. Ile carelessness ni uzembe. Sikumwambia. Barua ya radhi lazima itaje kosa, ndivyo tulivyofundishwa.

Ijumaa, 3 Machi

Bwana Kiko kasoma, kaniambia nimeandika vizuri sana. Nilifurahi. Niandike ukweli humu, maana hakuna anayesoma – nilifurahi mpaka nikaenda nyumbani kwa njia ndefu.

Jumatatu, 6 Machi

Simoni amefukuzwa.

Shemeji kaisoma barua na kusema, basi, sasa imethibitika. Bwana Kiko kanieleza bila kutoa kiko: mtu kakiri kwa mdomo pale Mikumi, na sasa kakiri kwa maandishi. Afanye nini tena? Barua imeingia kwenye faili. Kwa mkono wangu, maana mafaili ni kazi yangu.

Nilikwenda kambini. Godoro liko nje, Paulina anafunga sufuria kwa kamba. Nikaamkia. Simoni akaitikia bila kunitazama. Lupakisyo alikwisha kumsomea barua kwa Kiswahili, neno kwa neno, kamusi mkononi, siku aliyotakiwa kunyamaza. Nikasema, "Pole, Baba Paulina."

Akakunja shuka mpaka likawa dogo kabisa. Halafu akauliza taratibu, "Hiyo pole, mwanangu, ni ya Kiswahili au ya Kiingereza?"

Pole! Neno analoambiwa mtu aliyejikwaa, kana kwamba alijikwaa mwenyewe. La kusema lilikuwa nisamehe. Nililijua, halikutoka. Na mimi ndiye niliyemcheka Samweli.

Jumanne, 7 Machi

Saa tatu na nusu. Lori la kuwapeleka Simoni na Paulina Dumila linaondoka saa sita. Nimekaa kwenye benchi mbele ya mlango wa Bwana Kiko, faili mapajani. Lupakisyo kapita mara mbili, anasema kwa sauti ya chini nisijiharibie kazi.

Usiku mzima nilitafuta Kiingereza cha kutosha. Nilikuwa natafuta mbali. Miaka kumi na miwili Bwana Kiko yuko hapa, na Kiswahili chake ni lete, haraka na bado. Pole hajawahi kuisikia? Haidhuru. Sorry anaijua. Alinipa moja mwenyewe, tarehe ishirini na tatu mwezi uliopita, na hakuna aliyemfungulia faili. Nitamuuliza, kwa adabu, siku ile alikuwa anakiri nini. Bibi yangu alikufa kwa homa, Malolo, na yeye Malolo haijui hata barabara yake.

Baada ya hapo nitasema carelessness ni yangu. Simoni hakuandika hata herufi moja zaidi ya jina lake. Akitaka sahihi, kalamu ninayo.

Mlango umefunguka. "Yes, Ida?"

Nitaanza na bibi yangu.