Robo ya Juu Iachwe Wazi

Mwanangu Ljubinka amerudishwa kazini, tena ndiye mkuu wa wote wanaobuni mitambo pale kiwandani.

Sasa nakusalimu, dada Radojka. Huku Kruševac tu wazima, na pilipili za majira ya baridi nimeshazichoma na kuzisaga.

Yule bosi wake, Injinia Vukašin, mwenye tai ya hariri na akili ya bata, aliagiza tangi jipya la kuchemshia sabuni lijazwe pomoni. Ljubinka akakataa kutia saini mchoro.

"Bosi, kitu chenye povu huachiwa robo ya juu wazi," akamwambia.

Lile bwege likacheka. "Hizo hesabu za jikoni kwa mama yako, binti. Nenda nyumbani ukampikie."

Akamfukuza, na Ljubinka akakaa nyumbani wiki sita bila kazi. Jumatatu wakawasha tangi. Povu likapanda, likaziba bomba la mvuke, likamwagikia viatu vya Vukašin mbele ya wageni aliowaalika yeye mwenyewe kuja kumsifu. Sasa anahesabu magunia ghalani, kazi ya saizi yake.

Lakini dada, mimi nami nilimsihi mtoto atie saini. Nilimwita mkaidi, tena mezani, mbele yenu ndugu wote. Mpaka leo hanitanii kama zamani. Nitamwomba radhi mbele ya masikio yaleyale yaliyonisikia.

Kwa hiyo msikose hata mmoja. Mimi mdogo wako Milunka nawangoja nyote sikukuu ya ukoo wetu, siku ya Mtakatifu Dimitri, tarehe nane Novemba.