Mti Wangu Siutii Saini

2 Machi

Kaka, shikamoo.

Hamjambo hapo nyumbani? Wifi na watoto wazima? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio unafuka moshi. Najua umeudhika nilivyoacha kazi bila kukuaga, na wewe ndiye uliyeniombea. Simu nimezima, bosi haachi kupiga.

Alinisukumia karatasi nisaini kwamba ule mti wangu ni mali ya kampuni. Wewe mtu wa stoo utanielewa: bidhaa zikipangwa ovyo, kutafuta msumari mmoja ni kazi ya asubuhi nzima. Mti wangu ni programu inayopanga taarifa ndani ya kompyuta matawi kwa matawi, na upande mmoja ukianza kuelemea, unajisawazisha wenyewe ili utafutaji usichelewe. Nimeuandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na hauchagui mashine, kuukuu wala mpya. Niliumaliza kabla sijaajiriwa. Nataka kuugawa bure kwa kila anayeandika programu za C. Bosi anataka kuufungia kabatini. Saini yangu haipati ng'o!

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Sisi wazima, ila kitinda mimba ana mafua. Umenitilia mchanga kitumbua changu. Jana bosi alikuja mwenyewe stoo. "Mwambie mdogo wako," akasema, "akiutoa nje tutaonana mahakamani." Wabeba mizigo wote wanasikia.

We Kichwa Ngumu, tia saini yaishe. Kitu cha bure kina faida gani? Utaandika mwingine. Mwenye nguvu mpishe.

Kaka yako

28 Machi

Kaka, shikamoo.

Mafua ya mtoto yamepoa? Mimi sijambo, na mti umeshatoka. Nimeuweka mtandaoni: anayetaka auchukue, autumie, aubadilishe.

Fundi mmoja wa maabara, wala simjui, ameniandikia kwamba ameuweka kwenye kompyuta ya hospitali yao iliyokuwa inangoja kutupwa, na umekubali mara ya kwanza. Mwingine alinivaa: eti ukifuta taarifa, upande mmoja unabaki mzito. Nikafura kwa hasira. Nikaangalia, kumbe kweli! Nimerekebisha, nikamshukuru mbele ya kadamnasi. Ungekaa kabatini kwa bosi, nani angeniambia? Uliuliza faida, ndiyo hiyo.

Nimepanga chumba cha dirisha moja, nawafundisha hesabu watoto wa mwenye nyumba badala ya kodi. Kuhusu kumpisha mwenye nguvu, nimempisha mno. Safari hii azunguke yeye.

Mdogo wako

30 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mwezi mzima kimya. Mko salama? Kama wamekwambia uchague baina yangu na kazi, sitakulaumu, una midomo ya kulisha. Lakini mti siufuti.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Tu wazima, wifi yako anakusalimu.

Waliniita ofisini, bosi na wakili wake. Wakataka niseme uliuandikia pale kazini.

Nikawaambia, "Aliuandikia nyumbani, kwenye meza ya chakula. Tuligombana kila siku nikitaka pa kuweka sahani. Hapa alikuwa hajafika hata getini."

"Fikiria watoto wako," bosi akasema.

"Ndio ninaowafikiria. Nitarudi nyumbani niwaambie nimemsingizia shangazi yao wizi?"

Wakili akamtazama bosi, akafunga begi lake. Habari ya mahakamani imekwisha.

Stoo wamenitoa. Sasa mimi ni mlinzi wa geti, jua lote langu. Wifi yako alilia, kisha akaninunulia kofia pana. Bado sielewi huo mti wako unavyojisawazisha, lakini usithubutu kuuondoa huko ulikouweka.

Bosi akipita na gari lake ananiangalia kama nguzo. Mimi namsalimia kila asubuhi, tena kwa sauti, mpaka madereva wa malori wanageuka.

Kaka yako