Bibi Harusi wa Pili

Shoga, nimejifungia stoo ya ukumbi. Usinipigie, andika tu.

Si unakijua kile kidude changu cha vioo? Kile ninachokifunga mbele ya lenzi ya simu, picha itoke mara mbili ubavu kwa ubavu, kila moja kwa pembe tofauti kidogo, ukiitazama vizuri mtu aonekane kama yuko hai? Nimempiga nacho bibi harusi picha moja, kujifurahisha tu. Kidole kikateleza, ikaenda grupu la WhatsApp la familia ya bwana harusi!

Shangazi wa bwana harusi akanijia mbio na simu. "Huyu wa pili ni nani?"

WA PILI!

Nikamwambia ni yule yule, ni vioo tu. "Usinifanye mtoto! Huyu sikio linaonekana, yule halionekani!"

Bwana harusi anaapa kachumbia mmoja. Mama yake kashika kichwa, anauliza kama walifichwa pacha.

Nikasema, "Shangazi, kengeza macho, utazame katikati. Utamwona mmoja, ametokeza kabisa."

Shangazi kakengeza mpaka jasho linamtoka.

Mara yowe: "Jamani, sasa wamekuwa watatu!"