Turbo ya Pikapu la Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimeshakuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, na cherehani yake imeanza tena kupiga kelele asubuhi. Mimi nipo. Uliniuliza kama nimeshalia, nami nakujibu bila kuficha kuwa bado. Tangu tumzike Baba sihisi chochote. Watu wakinipa pole nashukuru, wakiondoka narudi kushika spana. Ni kama mkono ulioulalia vibaya: unauona ni wako, lakini hauna habari na wewe.

Tuyaache hayo. Nataka kukupa habari za pikapu. Unakumbuka lilivyokuwa likitoa moshi wa bluu mpaka majirani wanaanua nguo. Kila fundi alijua ni turbo, kile kikonokono cha chuma kinachoisukumia injini hewa, kwamba inavujisha oili. Nilimwomba Baba aniachie niifungue, akakataa mbele ya gereji nzima. Alisema gari lake si la mwanafunzi kujifunzia. Nina wateja wangu, funguo za gereji ninashika mimi, na bado kinywani mwake nilikuwa mwanafunzi. Nilirudi kwenye kazi yangu, lakini neno hilo halikunitoka, na ndilo nililokwenda nalo makaburini: kwamba Baba amekufa akiamini kazi siiwezi.

Matanga yalipokwisha, Mjomba alishauri pikapu tuwauzie watu wa vyuma chakavu. Mama alisema likiacha moshi litabaki, lisipoacha walichukue. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Nikaishusha turbo, nikaifungua mezani. Shafti, ule mhimili wa katikati, ilicheza kidogo, sili zinazoizuia oili zimechoka, hakuna cha kutisha. Shida ilikuwa vipuri. Kibati cha namba kilikuwa kimeungua hakisomeki, ikabidi nitembee na shafti yenyewe duka hadi duka, nimeiviringisha kwenye kitambaa kama kichanga. Kila muuzaji aliapa kuwa ya kwake ndiyo yenyewe. Mmoja aliniuzia sili ambazo kwa macho hazina tofauti; kuzivalisha, zinapwaya. Nilipozirudisha aliniambia zikipata moto zitajaa. Nilicheka, na kama kuna siku nyingine niliyocheka tangu msiba, siikumbuki. Mwishowe nilikwenda kwa yule mama wa spea nyuma ya stendi, tunayemwita Bi Maikromita kwa sababu hauzi kitu kabla ya kukipima kwa kile kifaa chake cha kupimia unene. Aliipima shafti, akaingia stoo, akatoka na seti iliyojaa vumbi. Alisema injini zile zilitoka na shafti za aina mbili, na kwamba ya kwetu ni nyembamba, ila wauzaji wengi wanaijua ile nene tu.

Nikafunga kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikawasha. Moshi uleule. Mafundi wenzangu wakainama, kila mmoja akajifanya anatafuta spana yake. Sikuona aibu wala hasira. Nilikaa kwenye tairi nikawaza kwamba basi, Baba alijua alichokuwa anasema.

Kilichoniinua ni somo lake mwenyewe, lile alilotuimbia sote mpaka tukachoka. Oili inaingia kwenye turbo kwa kusukumwa, lakini inatoka kwa kushuka yenyewe, kupitia bomba la kurudishia. Bomba likiziba, oili inajaa na kupenya kwenye sili, hata ziwe mpya namna gani. Bomba hilo mimi nilikuwa nimelifungua ncha ya juu tu. Ya chini, pale linapoingia kwenye injini, niliiacha kwa sababu kwa nje ilikuwa kavu, haivuji. Nikaingia chini ya gari nikaifungua. Ndani ilikuwa imejaa gundi ya silikoni iliyokauka, limebaki tundu la kupita njiti ya kiberiti.

Unamjua Baba na gundi. Aliyethubutu kuipaka mbele yake alirushiwa spana; alikuwa akisema gundi ni ya viatu. Gasketi za kuzibia maungio alizikata mwenyewe kwa karatasi ngumu, akigongagonga kingo kwa kile kinyundo chake mpaka karatasi inajikata. Nikaanza kuwapitia mafundi mmoja mmoja kichwani, ni nani aliyemfanyia hivi. Halafu nikaona pembeni gundi ilikuwa imesawazishwa kwa kidole, na alama imebaki palepale. Kidole chembamba, kimekatwa katikati na mstari wa kovu. Kovu la sindano ya cherehani, mdogo wangu. Unalijua.

Sikumwambia mtu. Nikaikwangua gundi, nikakata gasketi ya karatasi, nikafunga. Nikawasha, na moshi haukuonekana tena.

Jumapili nikampakia Mama tukazunguke mjini. Tuliposimama kwenye taa akaanza kusema mwenyewe, macho mbele. Alisema mikono ya Baba ilianza kutetemeka zamani, sisi hatujui lolote, hata vifungo vya shati alikuwa akifungiwa. Bomba lile lilikuwa linadondosha oili, naye kukata gasketi hawezi tena. Basi akanunua gundi kwa kificho. Mama ndiye aliyeingia chini ya gari na gauni lake la nyumbani, Baba amechuchumaa anammulikia na kumwelekeza, mwanga wa tochi unacheza huku na huku, na walicheka mpaka tochi ikamponyoka. Baba alimwapisha asimwambie mtu. Alisema gari lisifunguliwe kabisa, maana fundi akiliona lile bomba atajua siku hiyohiyo kuwa mikono yake imekwisha. Mama akamuuliza, fundi gani. Baba akamshangaa, akamjibu kwamba fundi mwingine yupi, si huyo binti yako.

Taa ikaturuhusu, nikakosea gia. Gari likazima katikati ya njia panda, watu wakatupigia honi.

Nilipoliwasha tena, Mama akaniuliza kama kazi yake niliikuta imeshika, kwa sababu Baba alimsifu kuwa amepaka vizuri. Nikamwambia imeshika kabisa, kuibandua kumenitoa jasho. Alifurahi. Alikinyoosha kile kidole akakitazama, akakirudisha mapajani.

Sasa nakuambia wewe peke yako: gundi ile ndiyo iliyoziba bomba, na ndiyo iliyoleta moshi wote ule. Mama anaamini turbo ilizeeka tu. Ukija, nakuomba aendelee kuamini hivyo. Kipande chenye alama ya kidole nimekihifadhi kwenye droo, pamoja na kinyundo cha Baba.

Na ile habari ya kutohisi kitu. Tuliporudi nilipita gereji kunawa mikono, na maji yalikuwa ya baridi. Niliyaacha yatiririke, nikasimama pale muda mrefu, kwa sababu nilihisi kwamba ni ya baridi.

Mjomba anakusalimu, na siku hizi anaomba lifti. Mama amekushonea shati kwa vipimo vya kukisia, anasema ukiwa umenenepa shauri yako. Jitunze kifua hicho, usivue sweta mapema.

Ni mimi dada yako,

Fundi