Nimeziua Mbegu za Mama Mkwe

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimebakiwa na siku kumi na mbili, maana Jumamosi ya wiki ijayo majirani sita wanakuja kuchukua mbegu za mahindi kwa mama mkwe wangu, na ni mimi na mume wangu tu tunaojua kwamba mbegu hizo zimekufa, tena nahisi muuaji ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani, niliolewa kwenye nyumba ya wakulima, kulima nimejifunzia hapahapa. Mama mkwe ndiye mwenye mbegu, kila mavuno anapita shambani mwenyewe akichagua mahindi yaliyojaa punje mpaka nchani, anayakausha, anayapukuchua kwa mkono, na hajanunua mbegu dukani huu mwaka wa ishirini na tatu. Msimu uliopita alikwenda kumsaidia wifi yangu aliyejifungua, akakaa miezi minne, na kabla ya kuondoka aliniambia, "Mwanangu, nyumba nakuachia, ila madebe yangu yasiguswe." Madebe yalikuwa chumba cha nyuma, kile chenye kivuli na sakafu ya baridi, na mshauri, mimi chumba kile nilikitamani kwa cherehani yangu, nikajiambia debe ni debe, likae huku likae kule lenyewe halijui, nikayahamishia kibanda cha bati uani ambako jua linapiga kutwa. Siku mbili kabla hajarudi nikatoa cherehani, nikayarudisha, nikafuta na vumbi.

Ningenyamaza mpaka leo kama si redio. Bwana shamba alisema hesabu punje mia, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ngoja siku saba uone ngapi zimeota. Mimi ni mtu wa kutaka kujua, hata nguo ya dukani lazima niigeuze nione mshono wa ndani, basi nikachota mia kwenye debe nikazifunga. Zikaota thelathini na moja. Nikadhani nilizidisha maji, nikarudia, na safari hii nikaiba punje mia nyingine kwenye kopo ambalo mama huliweka chini ya kitanda chake, mbegu zilezile za mavuno yaleyale, ila hizo hazikuhama. Za debe zikaota thelathini na nne. Za kopo tisini na nne! Nilikaa chini palepale jikoni.

Mume wangu anasema, "Mama ana presha, ukimwambia utamlaza. Nitanunua mbegu ya dukani tuchanganye humohumo, zikiota nani atajua?" Mshauri, nifanyeje?

Fundi Mwenye Hatia

*

Fundi, marahaba. Mvua haisomi gazeti, kwa hiyo barua ilipofika nilikupigia simu siku ileile, na haya nayaandika kwa ruhusa yako kwa kuwa si wewe peke yako mwenye debe chini ya bati.

Nikusifu kwanza, maana kipigo kinakuja. Ile mia ya kopo ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara mbili. Wengine wangeishia mia ya kwanza na kuwasingizia wadudu, wewe ukataka kujua kwa nini. Na umejua: mbegu ni kitu hai kilicholala. Ukiilaza kwenye joto la bati kila siku, inachoka inakufa, na kwa nje punje bado inang'aa.

Sasa kipigo. Kuyahamisha madebe lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Kufuta vumbi ulikuwa uongo, na ulijua. Na mumeo mwambie mbegu ya dukani imepakwa dawa yenye rangi, mama yake ana macho. Hata asingeona, mahindi yanachavushwa na upepo: mkichanganya, kazi ya miaka ishirini na tatu mtaiharibu kwa msimu mmoja, na safari hii kwa kusudi.

Nilikwambia uende asubuhi na vitambaa viwili, hotuba uiache jikoni, umwachie ahesabu. Ukaenda. Alhamisi ulinipigia. Mama alisema, "Lete nihesabu mwenyewe." Akahesabu za debe, akahesabu za kopo mara mbili, kisha akauliza madebe yalikaa wapi. Ukamwambia yote. Ukafikiri presha itapanda, lakini akasema, "Kumbe yule fundi baiskeli hakuwa mvivu!"

Mwaka juzi jirani huyo alilalamika kwamba mbegu za mama hazikuota. Mama alimfokea mbele za watu kwamba ni mvivu asiyejua kupanda, na tangu hapo hakumpa hata punje. Kumbe mtu yule huhifadhi mbegu darini, chini ya bati. Mama alijitanda mtandio, akaenda karakana yake kumwomba radhi, akarudi baada ya saa nzima. "Amenipa kiti," akasema. Basi. Kisha akakugeukia: "Hilo la chumba tutaongea tukishapanda."

Kwa hiyo fanyeni hivi. Majirani waambieni leo, msingoje Jumamosi, wapate nafasi ya kutafuta mbegu nyingine, na kila pakiti waangalie tarehe kabla ya kuifungua. Za kopo msimgawie mtu. Zipandwe kwenye kipande chake peke yake, mbali na mahindi mengine hatua mia tatu au zaidi, na kama nafasi hiyo hamna, zicheleweshwe wiki nne ili zisitoe maua pamoja nayo. Hizo ndizo mbegu za mwaka kesho za mtaa mzima. Za madebe, kama hazikutiwa dawa, sagisheni mle. Msijaribu kuzifukia nyingi nyingi kwa matumaini, hata zitakazoota zitakuwa dhaifu. Na mvua ya kwanza isiwatie wazimu: chimba, shika udongo, ukiwa na unyevu kina cha kiganja kizima ndipo mpande.

Siku ya mazungumzo ya chumba ikifika, usiitaje redio, usimtaje mumeo, wala usiseme hukujua. Kaa chini, mwache mama aseme mpaka amalize.